Mengineyo

Mkutano ulifunguliwa saa nne, ndivyo nilivyoandika,
ingawa jua lilikuwa limeshaufungua zamani.
Kijiji cha Chilolo, ng'ambo ya Mvumi. Waliohudhuria mia na sita,
ukiacha mbuzi, ambao daftari halina safu yao.
Ajenda: mabua.

Mabua tu. Yale yabakiayo mtama ukishakatwa vichwa,
yakisimama shambani na kupiga mluzi kwa upepo
kama watu waliosahau walichokuja kufanya.

Bwana Rwehumbiza wa kampuni alifungua begi, akatoa sahani.
Nyepesi, rangi ya asali.
"Haya ni mabua yenu," akasema, "yamekwenda shule."
Tukacheka. Ikapita mkono kwa mkono.
Ndahani akaigonga kwa ukucha, akainusa,
akauliza mtu ataila ugali mara ngapi kabla haijatupwa.
"Mara moja."
Kicheko kikaketi.

Shilingi sitini kwa kilo, alisema. Uchumi wa kijani, alisema,
akalirudia neno, kijani, kijani,
mwezi wa nane, Ugogo,
pasipo na kijani ila minyaa ya uani,
na sote tunajua maziwa ya mnyaa hulifanyia nini jicho.

Akasimama mtaalamu wa udongo, binti Msechu,
suruali vumbi magotini.
Msiuze, alisema. Msilishie. Yalazeni chini, ardhi nayo hula.
Akamwaga chupa ya maji juu ya udongo mtupu: yakakimbia.
Akamwaga nyingine juu ya mabua: yakatulia, yakazama.
Kina mama wakayatazama yale maji kwa uchungu;
kisima kiko kilomita nne.

Mzee Masima hakunyoosha mkono.
"Nina ng'ombe thelathini na wawili.
Nenda kawaambie wewe wasubiri, udongo ushibe kwanza."

Ndipo Sechelela, mtoto mgongoni, akasema toka mlangoni:
"Mnagawana bua. Kwangu hilo ndilo kuni.
Mkishalimaliza, mtatafuna mtama mbichi kwenye hiyo sahani?
Mwaka wa mibono pia lilikuja gari jeupe.
Tukapanda mibono hadi kando ya makaburi.
Mafuta ya ndege, mkatuambia.
Ndege waliokuja ni kweleakwelea."

Niliandika: *Mjumbe mmoja alitoa historia fupi.*

Azimio: kila kaya iamue yenyewe.
Yaani kila mtu na njaa yake.

Robota la mfano tuliliacha ukutani mwa ofisi likingoja lori.
Siku ya tatu nililiinua, likaja jepesi kuliko sahani.
Mchwa walikuwa wameshapita ndani,
bila mkataba, bila kuomba nafasi ya kusema.

Haya sikuyaandika:
katibu naye aliuza. Ekari mbili, zikasafishwa
hadi ukaweza kuona sindano iliyodondoka.
Elfu tisini na sita. Nikamnunulia Wende godoro la bweni,
sanduku, na kufuli lake.
Sijuti. Usiku mwingine najuta.

Mvua ya kwanza ya Disemba ilipiga saa moja tu.
Shamba langu liliondoka jekundu, likiteremka
kama mtu aitwaye na nduguze.

Asubuhi Ndahani, jirani wa bondeni, akaja na baiskeli,
debe limefungwa nyuma kwa mpira.
"Katibu, udongo wako umelala kwangu.
Nimekuletea kidogo. Uuingize kwenye muhtasari."
Hakucheka, nami sikucheka,
tukasimama hapo tukilitazama debe
kama watu wawili waliookota mtoto.

Lipo bado chini ya meza yangu.
Juzi mtendaji wa kata alipita kukagua vitabu,
akapekua hadi *Mengineyo*, akakuta mstari mtupu,
akaniuliza debe ni la nini.
Nikamwambia la taka.
Akatupia humo maganda ya karanga zake.

Sijayatoa.